Futi ya Speke, Siku Mbili za Berlin

Watu wa Karagwe tulianza kuangaliwa na wageni wenye daftari zamani sana. Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Walikaribishwa vizuri, na wenyewe walimsifu sana mwenyeji wao. Speke alikaa wiki kadhaa akaendelea na safari. Grant akabaki miezi zaidi kwa sababu ya kidonda cha mguu. Lakini kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, watu wa Ulaya walishika habari moja kuliko zote: siku alipomvulia shemeji wa mfalme futi na kumpima mwili. Mama yule alikuwa amenoneshwa kwa maziwa, kama ilivyokuwa heshima ya wanawake wa ikulu. Speke akapima mkono, kifua, paja, shavu la mguu, akaandika. Namba zote zimo kitabuni. Jina la mama halimo.

Mimi ni wa Kayanga, na habari hii nimeishi nayo tangu niliposoma kile kitabu chuoni. Kwa hiyo mwaka jana nilipomaliza semina ya waandishi wa habari Ujerumani na kubakiwa na siku mbili za kuzunguka Berlin, nilitoka hotelini na wazo la kipuuzi kidogo: safari hii mwenye daftari ni mimi. Kabla sijaondoka nyumbani nilikwenda kuaga kwa mzee mmoja jirani yetu, mkulima wa kahawa, ambaye babu yake alibebeshwa mizigo katika vita vya kwanza vya dunia. Nikamwamkia, akanijibu, kisha akasema, "Mwanangu, ukifika kwa Wadachi, utuangalizie kama wanatukumbuka." Hakusema zaidi. Wazee wetu wakikutuma wanakutuma kwa neno moja, mengine utajijua.

Lango la Brandenburg lina urefu wa mita 26. Lilijengwa kati ya mwaka 1788 na 1791, na kwa kweli ni zuri, sitajifanya sikuvutiwa. Nilipiga picha kama kila mtu. Kuna Wahindi walikuwa na harusi, kuna mtoto analia anataka aiskrimu, kuna jamaa amevaa nguo za askari wa zamani anauza picha za kupiga naye. Utalii ni utalii.

Kutoka pale unatembea dakika chache tu kwenye barabara ya Wilhelmstraße kufika mahali ilipokuwa nyumba ya Kansela Bismarck, namba 77. Ndimo ulimofanyika ule mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Carl Peters akapewa hati ya Kaisari ya kulinda maeneo aliyodai kuyapata kwa mikataba yake kule Usagara na jirani zake. Nyumba yenyewe haipo. Kuna magorofa ya kawaida ya kupangisha, nguo zimeanikwa kwenye roshani, na kibao cha maelezo kando ya njia. Shuleni tulichorewa meza ndefu na wazungu wenye sharubu, basi mtu unatarajia walau jengo la kutisha. Nilisimama pale nikisoma kibao, na kwa muda wote niliosimama hakuna mwingine aliyesimama.

Mchana nikaenda kwenye makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, na hapo foleni ilikuwa ndefu. Wajerumani wanapeleka watoto wao kumwona Mtanzania. Ni mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Imesimamishwa tangu mwaka 1937, na urefu wake ni mita 13.27, karibu nusu ya Lango la Brandenburg. Ukiingia ukumbini shingo inakuuma kwa kuangalia juu. Mifupa ya Tendaguru, zaidi ya tani 200, ilitoka porini hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku nne hivi kila safari. Na hebu angalia tarehe: Vita vya Maji Maji viliisha mwaka 1907. Kusini ile ile, iliyokuwa imechomewa mashamba na kuuawa kwa njaa, ndiyo iliyotoa wabebaji miaka miwili baadaye.

Nikarudi kwenye suala langu la majina. Dinosaria huyu anaitwa Giraffatitan brancai. Hilo jina la pili limetoka kwa Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho hayo wakati wa uchimbaji. Lakini kiongozi wa wachimbaji wetu, mtu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja, alikuwa Boheti bin Amrani. Ilipofika mwaka 2007, karibu miaka mia baadaye, dinosaria mwingine wa Tendaguru akapewa jina Australodocus bohetii. Nilifurahi kweli. Jina limechelewa, lakini lipo, tena kwa Kilatini.

Siku ya pili nilianzia Neukölln, mtaa wa Waturuki, Waarabu na vijana wenye baiskeli, ambako nilifikia. Jirani na Hermannplatz kuna barabara fupi ambayo kwa miaka mingi iliitwa Wissmannstraße. Hermann von Wissmann ndiye aliyeletwa na jeshi kuzima vita vya pwani, na chini yake Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Mwaka 2021 kibao kiliondolewa, na sasa barabara inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wa Moshi, mwana TANU, mmoja wa wanawake wetu wa kwanza kuingia bungeni na serikalini! Nilimuuliza kijana mwenye duka la pembeni kama anajua ni nani. Akaniambia ni mwanamke wa Afrika, alipigania uhuru. Sasa najiuliza, nikisimama sokoni Kayanga nikauliza swali hilo hilo, wangapi wangenijibu?

Pale Hermannplatz nikapanda treni ya chini ya ardhi, U8, nikashuka Rosenthaler Platz. Brunnenstraße namba 193, mbele ya mlango, kuna kibamba cha shaba kilichopachikwa katikati ya mawe ya njia, sentimita 10 kwa 10. Ukitembea unaangalia simu utakikanyaga. Kimeandikwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe akaingizwa vitani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 akafika Berlin akifanya kazi melini. Akajiita Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza kwenye filamu, ya mwisho ikiwa filamu ya kumtukuza huyo huyo Carl Peters. Alidai serikali ya Ujerumani mshahara wa vita ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Wakakataa. Mwaka 1941 akakamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Hakuwa Mswahili wa kwanza kufundisha lugha yetu katika mji ule. Miaka ya 1890 alikuwapo Amur bin Nasur wa Zanzibar, aliyeandika kwa Kiswahili mambo aliyoyaona Berlin. Baadaye akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule wa Desturi za Wasuaheli, aliyefariki huko huko mwaka 1927. Yaani kuna watu walioutazama mji huu kwa Kiswahili kabla babu zetu hawajazaliwa, na sisi tunaojiita wasomaji tunawajua kidogo kuliko tunavyomjua Speke.

Nilichuchumaa nikakifuta kile kibamba kwa kitambaa. Mama mmoja na kigari cha mtoto akanizunguka bila kusema kitu. Nikapiga picha, nikamtumia mjukuu wa yule mzee kwa WhatsApp pamoja na maelezo ya sauti, nikaeleza yote: Dar es Salaam, vita, madai, kambi. Nikaongeza habari ya Rais Steinmeier kuomba msamaha Songea mwaka 2023, maana nilidhani hiyo ndiyo atakayoitaka.

Jibu likaja nikiwa bado kituoni nasubiri treni. Sauti ya mzee, kuku wanalia nyuma yake. Songea hakuigusa kabisa. Aliuliza, "Na ile hela ya huyo kijana na baba yake, mwishowe walilipwa?"

Nikamwandikia mjukuu: mwambie babu, hapana.