Kasuku wa Mama

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa kwenye baraza ya banda letu, sweta mbili mwilini, nikisikiliza maji yakidondoka. Mvua ilikuwa imekatika tangu usiku, lakini Msitu wa Kakamega huendelea kudondosha tu.

Mwelekezi wetu, mzee wa huko huko Isecheno, aliuliza kila mtu anataka kuona nini. Wenzangu wakasema hondohondo. Mimi nikasema kasuku.

"Wa kijivu?"

"Ndiyo."

"Huyo, binti yangu, omba Mungu."

Wengi wetu wa Nairobi tunamjua kasuku wa kwenye jalada la daftari. Mimi nina mwingine nyumbani Umoja, ndani ya tundu, juu ya friji. Buda alimnunua kwa dereva wa lori nikiwa darasa la pili. Hatukuuliza ametoka wapi. Mathe alifariki 2019, lakini kila jioni mlango ukifunguliwa, kasuku huuliza kwa sauti yake ile ile, hadi na kale kakikohozi: "Umekula?"

Hondohondo walipita juu yetu, mabawa yakivuma hadi nikainama. Tukaona shorobo mkubwa wa buluu, kishungi kimesimama, akikimbia juu ya tawi kama mtu anayefukuza matatu. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikaanza kulia chaji. Mimi nilibaki na darubini ya kuazima na shingo inayouma.

Tukitembea, mzee alinieleza. Wananaswa kwa ulimbo kwenye matawi, na wengi hufa njiani kabla hata ya kuuzwa. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini. Huku Kakamega, kwenye kipande hiki cha mashariki cha misitu ya Kongo, waliobaki unawahesabu kwa vidole. Sikumwambia kuhusu lile tundu. Niliona haya, kusema ukweli.

Nimeshamwambia buda mara nyingi tumsalimishe kwa KWS. Mara ya mwisho alijibu, "Na jioni nani ataniuliza?"

Karibu saa nne mzee aliinua mkono. Mbali, juu kabisa, mluzi. Kisha mwingine, umekunjika mwishoni.

"Ndiye huyo."

Sikumwona. Majani yalikuwa mengi mno. Lakini miaka yote hii sikuwahi kumsikia kasuku akisema jambo lake mwenyewe, na sikuelewa hata kidogo.

Jioni nilimpigia buda.

"Umemwona?"

"Nimemsikia tu."

"Alisema nini?"

"Hakuna. Alipiga mluzi."

Akanyamaza. Nyuma yake nikasikia mdomo ukigonga waya za tundu, kakikohozi, halafu, "Umekula?"

Hakuna aliyekata simu.