Kengele ya Kijiji cha Miplamu

Upande wa kusini-magharibi wa Ufaransa, katika wilaya ya Dordogne na jirani zake, ipo nchi ya vilima vidogo vidogo, yenye mashamba ya mizabibu na bustani za miplamu. Wakulima wa huko huyakausha matunda yao na kuyauza mbali. Lakini kati ya mashamba hayo wanaishi watu wengine, wanaume kwa wanawake, walionyoa vichwa na kuvaa kanzu za rangi ya udongo. Hao ni watawa wa dini ya Budha, na makao yao huitwa Plum Village, yaani Kijiji cha Miplamu.

Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1982 na mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, pamoja na mwenzake wa kike, Chan Khong. Thich Nhat Hanh alitoka kwao mwaka 1966, wakati wa vita, akaenda Marekani kuombea nchi yake amani. Kwa kuwa alikataa kushika upande wo wote, kila upande ulimhesabu kuwa si wake, akazuiwa kurudi. Ilipita miaka 39 kabla ya kuikanyaga tena ardhi ya wazazi wake, mwaka 2005. Huko ugenini ilipandwa miplamu 1,250, sawa na hesabu ya wafuasi wa Budha wanaotajwa katika mapokeo, na fedha zilizopatikana kwa matunda zilipelekwa Vietnam kuwasaidia watoto wenye njaa.

Maisha ya kijiji hicho yameonyeshwa katika sinema iitwayo Walk With Me, iliyotolewa mwaka 2017 na Marc J. Francis na Max Pugh. Sinema hiyo si hadithi ya kutungwa, wala hamna mtu wa kumweleza mtazamaji kila anachokiona. Mara kwa mara tu husikika sauti ya mwigizaji Benedict Cumberbatch, akisoma maneno ambayo Thich Nhat Hanh aliyaandika zamani.

Mtu aliyezoea sinema za bunduki na mbio za farasi aweza kudhani kwamba mashine imeharibika. Watu wanafanya shughuli zao, mara kengele inalia, na wote wanasimama kimya kama miti. Wanavuta pumzi, wanaitoa, kisha kila mmoja anaendelea na kazi yake. Hata saa ya chumba cha kulia inapogonga, vijiko hutulia mezani. Ofisini saa humharakisha karani. Huko saa humwambia mtu apumzike kidogo, akumbuke kwamba yu hai.

Lakini msomaji asifikiri kwamba watu hao ni wavivu. Hupika, hufagia, hulima mboga na kuwapokea wageni wengi, hasa wakati wa kiangazi. Hawali nyama, hawaoi wala kuolewa, na hawana mali ya mtu binafsi. Kila mwaka hukaa mahali pamoja kwa muda wa siku 90. Desturi hiyo ilitoka Bara Hindi zamani sana: watu walinung'unika kwamba watawa waliotembea wakati wa masika walikanyaga mimea michanga na wadudu, basi Budha akawaagiza watulie mpaka mvua ziishe. Mkulima ye yote ataiona haki ya neno hilo.

Yako mambo mawili katika sinema hiyo ambayo mtazamaji hayasahau upesi. La kwanza ni la mtoto wa kike aliyefiwa na mbwa wake. Alimwuliza mwalimu afanye nini ili huzuni imtoke. Mzee yule hakumcheka. Alimwambia alitazame wingu: likitoweka angani halikufa, limekuwa mvua, na anywaye chai akiitazama vizuri ataliona wingu lake ndani ya kikombe.

La pili ni zito zaidi. Mtawa mmoja wa kike anasafiri Marekani kumwona baba yake, mzee anayetunzwa katika nyumba ya wazee. Hapo mtazamaji wa Kiafrika lazima ajiulize: mtoto akiiacha nyumba yao kwa ajili ya dini, nani atamlisha mzazi, na nani atamzika? Sinema haitoi jibu. Inaonyesha tu kwamba anayevaa kanzu ile hutoa zaidi ya nywele zake, na kwamba gharama ya uamuzi huo hailipwi naye peke yake.

Thich Nhat Hanh mwenyewe alionja uchungu wa kuwa mbali na kwao. Mwezi wa Novemba 2014 alipatwa na kiharusi, akapoteza uwezo wa kusema. Mwaka 2018 alirudishwa Tu Hieu, katika mji wa Hue, nyumba ile ile aliyoingia akiwa kijana wa miaka 16, na huko alifariki tarehe 22 Januari 2022, mwenye umri wa miaka 95.

Kengele yake ingali inalia kati ya miplamu ya Ufaransa. Si lazima mtu aifuate dini ya Budha ili apate faida ya mfano huo. Wahenga walikwisha kusema: mwenda pole hajikwai. Naye asiyejikwaa hupata nafasi ya kumwona mwenzake aliye njiani.