Tulitengeneza miguu ya Land Rover, tukasahau mguu wa baba

Baba yangu ana pikapu aina ya Land Rover 109, ile ya Series III. Aliinunua mwaka 1994 ikiwa tayari imechoka, na ndiyo iliyobeba viazi kutoka kwetu Makete hadi Njombe miaka yote tuliyosoma. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye bodi la gari hilo.

Lakini gari lenyewe linapiga. Springi zake, mbele na nyuma, ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukiingia kwenye shimo, nawe unarushwa kutoka kwenye kiti. Mama hakuwahi kulipanda bila mto wa kukalia.

Miaka miwili iliyopita baba alianza kulalamika mgongo. Kila tulipomuuliza, jibu lilikuwa moja, "Ni hili gari." Tukaamini, na mimi ndiye niliyeamini zaidi. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na nimewahi kuandika kwamba kutikiswa na gari kwa miaka mingi huchangia maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Sikuona sababu ya kuuliza zaidi.

Kaka alitaka liuzwe. Baba alikasirika, siku tatu akawa anakula peke yake. Mwishowe tukakubaliana libaki, ila lifungwe miguu ya mbele ya kisasa. Land Rover 110, iliyotoka mwaka 1983, ina koili badala ya springi za bapa, na breki za mbele ni za diski. Mafundi huchukua ekseli ya mbele ya 110 iliyokufa wakaifunga kwenye chesisi ya 109. Watoto wanne tulichanga, na mimi nikapewa kusimamia.

Gereji ya kwanza walituambia siku mbili. Ya pili, kwa fundi mmoja mtu mzima pale Makambako, tuliambiwa wiki tatu. Nilidhani anataka kutupiga, akaniita nione mwenyewe.

"Dada, shika hii nyundo. Gonga hapa."

Niligonga chesisi, ikalia vizuri. Akanisogeza mbele kidogo, nikagonga tena, sauti ikawa nzito na kutu ikamwagika. Bodi la Land Rover ni la aluminiamu haliozi upesi, lakini chesisi ni ya chuma na huoza kuanzia ndani. Alisema koili inakaa kwenye kikombe kinachochomelewa hapo hapo, na uzito wote wa mbele unaishia hapo. Ukichomelea juu ya chuma kilichooza, siku moja kitang'oka gari likiwa barabarani.

Kisha akanieleza kuhusu difu. Ya 110 tuliyonunua ilikuwa na uwiano wa 3.54, wakati ya nyuma kwenye gari letu ni 4.7. Ukifunga hivyo hivyo, siku ya matope ukiweka gia ya magurudumu manne, mbele na nyuma zitavutana mpaka kitu kivunjike. Ilibidi atoe difu ya zamani ya mbele aihamishie kwenye ekseli mpya. Masta silinda ya breki nayo ilibadilishwa, kwa sababu 109 yetu ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote. Aliongeza chuma kirefu cha kuizuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia, kwa kuwa koili peke yake haiwezi kuishikilia.

Wiki tatu zikawa tano. Siku ya kulijaribu, fundi alimwomba baba aendeshe mwenyewe, yeye akakaa pembeni. Walikwenda kama kilomita mbili wakarudi. Baba alishuka akicheka, anasema limekuwa kama gari la waziri. Fundi hakucheka. Alinivuta kando.

"Dada, klachi nimeijaribu mwenyewe asubuhi, ni laini. Lakini mzee akitaka kuikanyaga anashika goti kwa mkono analisukuma. Mguu wa kushoto hauna nguvu."

Nilimwomba baba atembee kidogo kwa visigino. Mguu wa kulia ulikubali. Wa kushoto, vidole vilianguka chini, akajishika kwenye mlango wa gari.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu tulipopanda viazi. Una ganzi kidogo tu, mwanangu. Nilijua gari likiwa laini itaisha."

Ilikuwa miezi mitano. Katika muda huo nilikuwa nimeandika makala juu ya shinikizo la damu, kisukari na afya ya macho, na kila Jumapili nilimpigia simu kumuuliza mgongo unaendeleaje.

Kesho yake tulimpeleka hospitali. Baada ya vipimo daktari alisema mto mmoja ulio kati ya pingili za uti wa mgongo umetokeza na unakandamiza mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Alimpa dawa na mazoezi ya viungo, akamkataza kubeba magunia na kuendesha gari hadi nguvu irudi. Alisema tungekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi.

Mzazi mwenzangu, maumivu ya kawaida ya mgongo mara nyingi hupungua ndani ya wiki chache. Lakini mguu ukipoteza nguvu, au ganzi ikizidi kusambaa, usisubiri, nenda hospitali. Kukiwa na ganzi kati ya mapaja, mkojo ukigoma kutoka, au mtu akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na wazazi wetu wa vijijini hawatasema wenyewe. Ukimuuliza "mgongo vipi?" atakujibu "naendelea vizuri." Mwombe atembee umwone. Mwombe asimame kwa visigino, halafu kwa vidole, ukiwa karibu umshike.

Sasa ni mwezi wa tisa wa mazoezi. Mguu umerudi, si wote, ila anapanda ngazi bila kushika ukuta. Land Rover inaendeshwa na kaka. Baba hukaa kiti cha pembeni na kumgombeza kila anapobadilisha gia. Mama hukaa kati yao, na mto wake ameuacha nyumbani.

Fundi nilimpigia kumshukuru. Aliniuliza kwanza habari za mguu, ndipo akauliza za gari.