Moto Ukizimwa, Chungu Bado Kinapika

Leo hatuandiki juu ya mitihani, wala juu ya majina yaliyobandikwa ubaoni. Tunaandika juu ya chungu. Tena chungu cha Japani. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho.

Sisi ni kikundi cha vijana wa kujitolea. Wengi wetu tumetoka Uvira na Fizi, wengine ni Warundi. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba kuzungumza na familia juu ya maji, usafi na kupika salama. Na kila mazungumzo, hata tukianza na sabuni, yanaishia kwenye kuni. Mgao ukipungua watu wanalalamika, ni kweli. Lakini unga na maharage bila moto havijawa chakula bado. Ndiyo maana mama anatuma binti porini. Wote tunajua kinachoweza kumpata huko. Dada wa mmoja wetu alirudi siku moja bila kuni na bila kitenge chake, na mpaka leo hataki kusema ni nini kilitokea. Kwa hiyo tukizungumza juu ya jiko, tunazungumza juu ya dada zetu.

Habari ya chungu ilitufikia hivi. Alikuwepo hapa dada mmoja Mjapani, mfanyakazi wa maji, aliyejua Kiswahili vizuri tu. Siku moja ya sikukuu tulipika wali pamoja. Mchele ulipoanza kukauka, mmoja wetu akafunua sufuria na kugeuza. Baada ya dakika mbili akafunua tena. Yule dada akacheka, akasema: "Kaka zangu, kwetu bibi angewafukuza jikoni!" Akatuambia kwamba Japani kuna msemo wa zamani wa wapishi wa wali: moto mdogo mwanzoni, moto mkali katikati, na hata mtoto akilia, usifunue. Sisi tukasema, dada, huyo mtoto ana njaa. Akajibu: "Ndiyo, ana njaa. Ukifunua, atakula wali mbichi."

Kisha akatuonyesha kwenye simu picha ya chungu cha nyumbani kwao. Kinaitwa donabe. Neno lenyewe halina siri: *do* ni udongo, *nabe* ni chungu cha kupikia. Tulidhani ni cha makumbusho. Kumbe hapana, watu wanapikia mpaka leo. Wajapani wengi siku hizi wanapika wali kwa jiko la umeme. Kampuni ya Toshiba ilianza kuuza la kujizima lenyewe mwaka 1955, na nyumba nyingi zikaacha kupika wali kwa moto. Lakini wapo waliobaki na chungu cha udongo, na wapo waliorudi kwake, wakisema wali wake ni mtamu zaidi na una ukoko. Ndiyo, ukoko! Wao wanauita *okoge*, na wanaugombania kama sisi tulivyougombania kwa mama.

Vyungu vyenye sifa sana vinatoka Iga, katika mkoa wa Mie. Udongo wa Iga una historia inayotugusa sisi watu wa ziwa. Zamani sana, miaka kama milioni 4 iliyopita, Ziwa Biwa, ambalo leo ndilo ziwa kubwa kuliko yote ya Japani, lilikuwa upande huo wa Iga. Ziwa lilihama polepole, udongo wake ukabaki na mabaki ya mimea na viumbe vidogo. Mfinyanzi akichoma chungu, mabaki hayo yanaungua na kuacha vitundu vidogo sana ndani ya udongo. Vitundu vinashika hewa, na hewa inazuia joto lisitoke haraka. Ziwa Biwa ni kati ya maziwa ya kale kabisa duniani, kama Tanganyika yetu.

Sasa tuje kwenye kupika kwenyewe, maana hapa ndipo tulipojifunza. Mpishi wa donabe anaosha mchele taratibu mara kadhaa, mpaka maji yasiwe meupe sana. Anauloweka kama nusu saa. Anaumwaga maji, anautia ndani ya chungu na maji mapya, kikombe 1 cha mchele kwa maji yanayozidi kidogo kikombe hicho, maana mchele wao ni mfupi na unanata. Anafunika. Anawasha moto wa kiasi, na baada ya dakika 10 hadi 15 mvuke unatoka kwa nguvu kwenye tundu la kifuniko. Anasubiri dakika moja au mbili, kisha anazima moto. Anazima kabisa! Halafu anakaa dakika 15 hadi 20 bila kugusa kitu. Baada ya hapo ndipo anafunua, na kuugeuza wali polepole kuanzia chini kwa mwiko wa mti.

Tulimuuliza: moto umezimwa, wali unaivaje? Jibu ni rahisi, na walimu wetu wa fizikia wangefurahi. Wanga wa mchele hauhitaji maji yanayoruka-ruka. Unalainika kwenye joto la nyuzi 60 na kitu mpaka karibu 80, na maji yanayochemka yako karibu na 100. Yaani ukishafika kwenye kuchemka, unachotakiwa ni kulinda joto ulilonalo. Mchele ulioloweshwa umekwisha kunywa maji mpaka ndani, kwa hiyo unaiva sawasawa. Chungu kinene cha udongo kinachelewa kupata moto, lakini kinachelewa pia kupoa. Sufuria yetu nyembamba ya aluminiamu ina haraka pande zote mbili: inapata moto upesi, ikitolewa motoni inapoa upesi. Ndiyo maana tunaendelea kuchochea kuni chini yake, na nusu ya moto ule unaota upepo tu.

Tukaanza kutafuta chungu. Si cha Japani, hicho tungekipata wapi. Kuna mama mmoja Mrundi, jirani yetu, ni mfinyanzi wa Kitwa. Sote tunajua Batwa wanavyotazamwa. Watu wananunua vyungu vyao, halafu hawataki kula pamoja nao. Tulipomfikia mama huyu na kumwambia kwamba Japani kuna mji ambao watu wanatoka mbali kwenda kununua vyungu vya wafinyanzi wake, na kwamba jina la mfinyanzi pale linaheshimiwa, hakusema neno kwa muda. Kisha akauliza: "Na wao, chungu kipya wanakitayarishaje?" Tukamwambia: kabla ya kutumia, wanapika ndani yake uji mwembamba wa mchele, wanauacha upoe humo, ili ule wanga uzibe vile vitundu na chungu kisivuje. Mama akapiga makofi. "Lakini hivyo ndivyo tunavyofanya! Sisi ni uji wa mtama." Basi, tulichokuwa tunakifuata Japani kilikuwa kwake, na sisi tulikuwa tunapita mlangoni kila siku na makaratasi yetu.

Alituuzia vyungu viwili vinene na vifuniko vyake. Kwetu Kivu tungeviita nyungu. Mchele tulinunua sokoni, kidogo, kwa sababu kwenye mgao hatuupati. Ni mchele mrefu kama ule tuliouzoea kutoka bonde la Ruzizi, kwa hiyo tuliongeza maji: kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 na nusu. Tuliloweka, tukafunika vizuri, tukaweka kwenye mafiga. Mvuke ulipotoka kwa nguvu tulisubiri kidogo, tukavuta kuni nje na kuzizima kwa mchanga ili zitumike kesho. Tukakaa. Kukaa huko ndiko kugumu, jamani. Watoto walituzunguka, na mmoja alilia kweli kama kwenye ule msemo. Baada ya dakika 20 tulifunua. Wali ulikuwa umeiva mpaka juu, punje zimeachana, na chini kulikuwa na ukoko mwekundu unaonukia. Hapakuwa na mazungumzo mengi tena.

Tunawaambia ukweli, chungu hakifanyi miujiza. Kinachelewa kuchemka kuliko sufuria, kwa hiyo ukipika kidogo sana faida ni ndogo. Faida inatoka kwenye kuloweka, kufunika na kusubiri. Hata mwenye sufuria tu anaweza: wali ukishachemka na maji yakakaribia kukauka, itoe motoni, ifunge kwa blanketi kuukuu au iingize kwenye kikapu kilichojazwa nguo na majani makavu, usifunue. Mama zetu wa Tanzania wanaopalia wali kwa kuweka makaa juu ya kifuniko wanajua jambo hilo hilo: wali unamaliziwa na joto lililofungiwa. Sisi wa Kivu tuliozoea makala tulikuwa tumelisahau.

Mambo manne ya kuangalia, maana tumeulizwa sana:

Moja, usiweke chungu motoni kikiwa kimelowa kwa nje, na usimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Kitapasuka. Anza na moto mdogo.

Mbili, usikioshe kwa sabuni nyingi wala kukiacha ndani ya maji. Udongo unakunywa. Kioshe, kigeuze, kikauke kabisa kabla ya kukihifadhi.

Tatu, wali ule ukiwa moto. Usiuache vuguvugu tangu mchana mpaka usiku, kuna vijidudu vinavyopenda wali wa namna hiyo na vinaumiza tumbo.

Nne, maharage si wali. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, halafu yachemke kwa nguvu kama nusu saa kabla ya kuyafunga kwenye joto. Maharage, hasa yale mekundu, yakipikwa kwa joto dogo tu tangu mwanzo yanaweza kukutapisha.

Kuna neno pia kwa nyinyi mnaotusaidia. Familia ya Japani inayopikia donabe imechagua. Ikichoka, inabonyeza jiko la umeme. Kwetu hakuna kitufe cha kubonyeza. Kwa hiyo tusije tukasikia kwenye mkutano kwamba vijana wamepata chungu, basi habari ya kuni imekwisha. Haijaisha. Chungu kinapunguza safari za porini, hakizifuti. Bado tunahitaji nishati ya kupikia inayofika mpaka mlangoni, na bado tunahitaji dada zetu wasikilizwe wanaporudi bila kuni. Lakini kuna jambo mnaloweza kulifanya hata kwa bajeti ndogo. Mnapotafuta vifaa vya jikoni vya kugawa, pitieni kwanza kwa wafinyanzi walio humu kambini. Waulizeni bei, walipeni vizuri, na muwaombe wao wafundishe. Yule mama sasa anafundisha wasichana sita kila Jumamosi, chini ya mwembe. Wawili kati yao si Batwa, na wanakula naye.

Na wewe kijana mwenzetu unayesoma hii ukiwa kambi nyingine: bibi yako alitumia chungu gani? Kilitayarishwaje, na wali wake ulikuwa unasubiri muda gani kabla ya kufunuliwa? Kama bibi yupo, muulize leo. Kama hayupo tena, waulize wazee wa mtaa wako. Tuandikie hapa chini. Tukikusanya majibu ya kambi nne au tano tutakuwa na somo letu wenyewe la kupika kwa moto mdogo, kwa lugha zetu, na tutalipeleka nyumba kwa nyumba.