Mwanza na ndugu yake wa Ujerumani

Mshikaji, kama hujafika Mwanza, nenda. Teremka kwenye basi mgongo umekufa ganzi, halafu tazama lile jiwe la Bismarck lilivyokaa majini kama mtu kaliweka jana. Uchovu unaisha wenyewe.

Mimi sikwenda kutalii. Nilimsindikiza shangazi Bugando, hospitali ya juu ya kilima. Kilima kile ukikipanda kwa mguu ndio utajua kama una pumzi au umezoea daladala tu. Tumekaa kwenye benchi, akapita kijana wa Kizungu, akainama: "Shikamoo mama." Shangazi akaitika marahaba huku anacheka. Kumbe ni mwanafunzi wa udaktari kutoka Würzburg. Nikamuuliza, huko ndio wapi tena? Akashangaa kweli.

"Si ndugu zenu?"

Aibu iliyoje! Mwanza na Würzburg ni miji rafiki tangu 1966, yeye anajua, mimi sijui. Na uangalie huo mwaka. Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alikorofishana na serikali ya Bonn kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki kule Dar es Salaam. Bonn wakaondoa msaada wa kijeshi, Mwalimu akawaambia wachukue na ule mwingine. Wakubwa wamenuniana, na mwaka unaofuata miji yao inashikana mikono! Tampere ya Finland, mji ulio katikati ya maziwa mawili, ukaja 1988.

Ndio maana siwaelewi jamaa zangu wa kijiweni wanaosema mambo ya nje waachiwe mabalozi. Balozi atazibua mto Mirongo? Mtoto wa Kirumba akiogelea ziwani anapata kichocho, na kichocho hicho ndicho watafiti wa Würzburg wanachokichunguza pamoja na wenzao wa chuo cha tiba cha Bugando. Hata ile eksirei aliyokuwa anaisubiri shangazi, mionzi yake iligunduliwa na Röntgen hukohuko Würzburg, 1895.

Sisemi kila urafiki wa miji ni mzuri. Namfahamu diwani mmoja, wa mji mwingine kabisa na simtaji, alikwenda Ulaya "kujifunza usafi". Karudi na jaketi na picha za kwenye ndege. Mtaani kwake dampo liko palepale. Huo ni ulaji tu. Mji ukipeleka mtu, umpeleke bwana afya au fundi wa maji, na akirudi asimame mbele yetu atueleze kaona nini.

Shangazi alitoka na bahasha yake mkononi, akamkuta yule kijana bado yuko na mimi.

"Kwenu mnakula samaki gani?"

"Sangara wa hapa wapo, mama. Dukani. Minofu."

"Minofu!" Shangazi akajishika kiuno. "Basi kesho njoo Igoma, mwanangu, nikupikie mapanki."