Mkono wa Serikali

Katika miaka yangu ya ualimu, swali nililoulizwa na wanafunzi mara nyingi kuliko mengine ni hili: ni nani mwenye nguvu zaidi, Mfalme, Rais au Waziri Mkuu? Ni swali jema, lakini halijibiki kwa neno moja. Vyeo ni kama majina ya watu. Watu wawili waweza kuitwa Juma, mmoja akawa tajiri na mwingine fukara. Jina halikuambii kilichomo nyumbani mwao. Basi nakualika, msomaji, tupige hodi katika nyumba chache, tuone mamlaka yamo mikononi mwa nani, aliyapata wapi, na ni nani awezaye kumwambia, "Basi, yatosha."

Kazi za serikali ni tatu. Ya kwanza ni kutunga sheria, ya pili ni kuitekeleza, na ya tatu ni kuamua penye ugomvi juu yake. Bunge ni ulimi, Mahakama ni mizani, na watendaji ni mkono. Mkono huu hukusanya kodi, hulipa mishahara, hujenga barabara na kuamuru askari. Sheria isiyo na mkono ni wino juu ya karatasi. Lakini mkono unaojenga ndio huo huo uwezao kupiga. Kwa hiyo kila taifa limepata kujiuliza: mkono huu tuupe nguvu kiasi gani ili ufanye kazi yetu, wala usitukabe shingo?

Tuanze na Uingereza. Huko serikali huitwa ya Mfalme, mawaziri huitwa wa Mfalme, na mswada hauwi sheria mpaka Mfalme aukubali. Mtu wa mbali aweza kudhani kwamba Mfalme ndiye atawalaye. Sivyo. Mfalme hufuata shauri la Waziri Mkuu, na Waziri Mkuu ni mbunge anayeungwa mkono na wabunge walio wengi. Wafuasi wake wakiwa wengi na watiifu, nguvu zake ni kubwa mno, maana watungao sheria na watekelezao sheria ni kundi moja. Lakini nguvu hizo zaning'inia katika uzi. Tarehe 28 Machi 1979 Bunge lilipiga kura juu ya serikali ya Waziri Mkuu James Callaghan. Kura 310 zilikuwa upande wake. Kura 311 zilimkataa. Kwa kura moja tu ilimpasa kuyarudisha madaraka kwa wananchi ili waamue. Uchaguzi ulifanywa tarehe 3 Mei, chama chake kikashindwa, na Margaret Thatcher akashika mahali pake. Hapakulia bunduki hata moja.

Marekani ni nyumba ya namna nyingine. Waliotunga Katiba yake mwaka 1787 walikuwa wamepigana vita ili watoke chini ya mfalme, nao hawakutaka kumsimika mwingine. Waliyaweka mamlaka ya utendaji mikononi mwa mtu mmoja, Rais, kwa muda wa miaka 4. Rais hatoki Bungeni, wala Bunge lao, liitwalo Kongresi, haliwezi kumwondoa kwa sababu tu limechukia siasa yake. Hana budi kwanza kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi, kisha kutiwa hatiani na Seneti kwa theluthi mbili za kura. Kwa hiyo kiti chake ni imara kuliko cha Waziri Mkuu wa Uingereza. Lakini ufunguo wa hazina haumo mfukoni mwake, kwa kuwa Kongresi ndiyo iidhinishayo fedha.

Kadhalika majaji waweza kumzuia. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa karibu kugoma. Rais Harry Truman aliamuru serikali ivitwae viwanda hivyo, kazi isije ikasimama. Wenye viwanda wakaenda mahakamani. Tarehe 2 Juni mwaka huo majaji 6 wa Mahakama ya Juu, dhidi ya wenzao 3, waliamua kwamba Rais hakupewa uwezo huo na Katiba wala na sheria ya Kongresi. Truman, amiri jeshi wa taifa lenye silaha kali, akavirudisha viwanda. Majaji wale hawakuwa na kikosi cha askari wa kumshurutisha. Walikuwa na sheria tu, na watu walioizoea kuiheshimu.

Labda utasema: ikiwa ni hivyo, dawa ni kuufunga mkono kabisa. Wafaransa wameyaonja mambo hayo. Kati ya mwaka 1946 na 1958 walikuwa na serikali zaidi ya 20, moja baada ya nyingine. Baadhi hazikufikisha hata mwezi mmoja. Vita vya Algeria vilipozidi, serikali hizo dhaifu zilishindwa kuubeba mzigo. Ndipo ilipokuja Katiba ya mwaka 1958, chini ya uongozi wa Charles de Gaulle, iliyompa Rais nguvu kubwa. Mwaka 1962 iliamuliwa kwamba Rais achaguliwe na wananchi wenyewe. Hata hivyo hakuachwa peke yake, maana Waziri Mkuu wake hawezi kudumu akikataliwa na Bunge. Mwaka 1986 wapinzani wa Rais François Mitterrand walishinda uchaguzi wa wabunge, naye akalazimika kumteua mpinzani wake, Jacques Chirac, kuwa Waziri Mkuu. Kwa miaka 2 mahasimu hao waliketi meza moja, na nchi ikaendelea.

Uswisi nayo, tangu mwaka 1848, imekataa kumpa mtu mmoja mkono wote. Watendaji wakuu wa nchi ile ni watu 7, wanaochaguliwa na Bunge kwa miaka 4. Mmoja wao huitwa Rais kwa mwaka mmoja tu, kisha humpisha mwenzake. Rais huyo si bwana wa wale 6. Ni mwenyekiti wa kikao chao.

Sasa tuitazame nyumba yetu wenyewe, Kenya. Kila tarehe 1 Juni twaadhimisha Sikukuu ya Madaraka, kwa kukumbuka siku ile ya mwaka 1963 tulipoanza kujitawala katika mambo ya ndani, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Lifikiri neno hilo, msomaji. Madaraka ni uwezo wa kutenda, na pia ni wajibu wa kujibu kwa lililotendwa. Lugha yetu imeyafunga mambo hayo mawili katika neno moja, na ayatenganishaye huharibu maana yake.

Nasi tuliyatenganisha. Tarehe 12 Desemba 1964 nchi ilikuwa Jamhuri, na mamlaka ya utendaji yakawekwa mikononi mwa Rais. Katika miaka iliyofuata Katiba ilibadilishwa mara kwa mara, na mabadiliko mengi yaliuongezea mkono nguvu, yakaupunguzia vizuizi. Mwaka 1982 vyama vingine vilikatazwa na sheria, hata vikaruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1988 majaji waliondolewa ulinzi wa kazi zao, wakarudishiwa mwaka 1990. Mimi nilikuwa mtoto katika miaka hiyo. Nakumbuka jinsi watu wazima walivyoshusha sauti kila walipotaja mambo ya serikali, hata wakiwa jikoni kwao usiku. Mtoto akiuliza sababu, alijibiwa kwamba ukuta una masikio. Sikujua wakati ule katiba ni kitu gani. Lakini nilijua kwamba baba yangu, ambaye hakuogopa giza wala nyoka, aliogopa kusikiwa. Hiyo ndiyo hasara ya mkono usiozuiwa. Hauishii katika ofisi kubwa za mjini. Huingia mpaka jikoni.

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, mamlaka yaligawanywa: Mwai Kibaki aliendelea kuwa Rais, na Raila Odinga akawa Waziri Mkuu, mpaka uchaguzi wa mwaka 2013. Kisha tukapata Katiba mpya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo yasema kwamba mamlaka ya utendaji yatoka kwa wananchi. Rais asipite vipindi 2 vya miaka 5. Mawaziri wake wasipungue 14 wala wasizidi 22, wasiwe wabunge, na Bunge la Taifa liwakubali kwanza. Sehemu ya mkono imepelekwa katika kaunti 47, kila moja na gavana wake. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya uchaguzi wa Rais, na uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Oktoba. Watu walitofautiana sana juu ya hukumu hiyo, na wengine wangali wakitofautiana. Lakini walitofautiana kwa sauti, mchana, barabarani na barazani. Mimi niliyekulia katika minong'ono niliipima tofauti hiyo kuwa kubwa.

Usidhani, hata hivyo, kwamba Katiba nzuri hujilinda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na kiongozi asiyesikia lolote ila sifa huanza kuyaona madaraka ya watu kuwa mali yake. Karatasi haiwezi kumkumbusha. Hukumbushwa na mbunge asiyeuza kura yake, jaji asiyetishika, na mwananchi anayeijua haki yake.

Utakapotimiza miaka 18 utaweza kupiga kura, na wewe utakuwa mmoja wa wanaoukabidhi mkono huo kazi yake. Yamkini baadhi yenu mtakabidhiwa wenyewe. Huenda hata leo wewe ni kiranja, na wenzako wanatii amri yako. Basi mbele ya kila mwenye cheo, na mbele ya nafsi yako ukiwa nacho, uliza mambo matatu: Amepewa na nani? Mpaka wake uko wapi? Na akiuvuka, nani atamzuia? Mahali ambapo mtoto wa shule aweza kuuliza maswali hayo kwa sauti yake ya kawaida, asiambiwe anyamaze, hapo mkono ungali ni wa serikali, na serikali ingali ni ya watu.