Nani Anunue Umeme Kwanza?

Mwezi mpya ukiingia, katika nyumba nyingi za kupanga huku Mbagala watu huanza kuviziana. Mita ni moja, vyumba sita, na atakayetangulia kununua umeme ndiye atakayekatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500. Watakaofuata watapata uniti zao kamili.

Makato haya kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, yalianza Agosti 2021. Kabla ya hapo mwenye nyumba ya kawaida alilipa 10,000 kwa mwaka, akapewa stakabadhi yenye jina lake. Ikaja 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Serikali ilieleza tangu mwanzo kuwa mdaiwa ni mwenye nyumba, mpangaji amalizane naye. Lakini mtu asiye na mkataba wa maandishi, anayeweza kuambiwa wakati wowote atafute chumba kwingine, anaanzaje kumdai mwenye nyumba 1,500?

Kwetu aliyeumia zaidi ni mama anayeuza barafu. Friji lake haliwezi kungoja, kwa hiyo kila mwezi alinunua yeye kwanza, na sisi tuliobaki tukanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi kodi inavyotembea: hutoka kwa mwenye jengo, ikamshukia mpangaji, na kati ya wapangaji ikamwangukia yule mwenye shida ya haraka. Hakuna sheria iliyomtaja yeye. Ukimya wetu ndio uliomchagua, na jambo hilo liliniuma kuliko pesa yenyewe.

Tulikaa uani tukalizungumza. Kila chumba kikawa kinatoa 250 kabla ya umeme wa kwanza kununuliwa, na makato yote yanaandikwa kwenye daftari. Mwenye nyumba alipokuja kuchukua kodi yake ya pango tulimfungulia kurasa za mwaka mzima. Alizisoma kimya, kisha akakubali kubeba nusu. Haitoshi, maana deni ni lake lote, na tutamwambia tena.

Sasa mama wa barafu anataka kusimama kwenye mkutano wa mtaa. Anataka kujua, katika hizo 18,000 za kila nyumba, ni kiasi gani kinarudi kwenye mtaro unaofurika hadi mlangoni kwake kila masika, na nani atakuja kuwasomea wakazi hesabu hiyo.